Nyota Moja kwa Kitabu cha Hobie Stallard

Kitabu kilifika Cutler Fork wiki ya pili ya Septemba, na kabla wiki haijaisha mji mzima ulikuwa umeshausoma ukurasa wa tisini na nne. Wengine waliusoma huo tu, wakakirudisha. Kilikuwa kitabu kinene, maisha ya Hobie Stallard tangu alipozaliwa kwenye kibanda cha mchimba makaa juu ya kijito hadi alipokuwa mwimbaji wa muziki wa kantri anayejulikana Marekani nzima, mzee wa miaka sabini na sita mwenye kofia nyeupe na wake wanne aliowaacha njiani. Ukurasa wa tisini na nne ulikuwa wa mke wa kwanza.

Mke huyo wa kwanza aliitwa Ardith Fugate, na alikuwa bado yupo palepale mjini, nyumba ya tatu kutoka kanisa la Wabatisti. Alipika kwenye jiko la shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu waliokuwa wakimsoma kitabuni walikua kwa biskuti zake, zile laini kama mkate, na mchuzi wa soseji. Baada ya Hobie hakuolewa tena, na habari za Hobie hakuzizungumza na mtu. Redio ikimpiga, alikuwa anaizima, basi.

Kitabu kilisema hivi: mwezi wa Agosti 1971, siku Hobie alipokwenda kuimba kwenye maonyesho ya kaunti kwa mara ya kwanza, mkewe alimwacha mtoto wao Dewey, wa miaka miwili na nusu, kitandani akiwaka homa, yeye akaenda zake kucheza dansi. Mtoto akafa kesho yake. "Jirani mmoja aliyeomba asitajwe," mwandishi aliongeza, "anakumbuka kumwona mwanamke huyo barabarani mchana ule, amevaa viatu vyekundu vya dansi." Hobie alimtungia mtoto wimbo, na wimbo huo ndio uliompandisha.

Ardith aliyasoma hayo amesimama jikoni, miwani imemshuka puani. Kuhusu Hobie hakushangaa hata kidogo. Hobie alikuwa mtu wa kuacha uongo ukae mradi unampendeza. Kilichomfanya avute kiti na kukaa ni vile viatu.

Siku ile Hobie alikuwa ameondoka na pikapu yao tangu asubuhi. Saa sita Dewey alianza kukakamaa shingo na kutapika, na nyumba ya daktari ilikuwa maili nne. Ardith, msichana wa miaka ishirini, alimnyakua mtoto akachomeka miguu kwenye viatu vya kwanza alivyoviona mlangoni, navyo vilikuwa vile vyekundu vya siku ya harusi yake. Akaanza kutembea juani. Karibu na daraja kisigino kimoja kilivunjika. Akaendelea kuchechemea navyo kidogo, kisha akavivua na kuvitupa kijitoni, akafika kwa daktari peku, nyayo zinavuja damu. Mjini hakuna aliyewahi kuviona viatu hivyo siku ile. Kati ya daraja na pale alipovitupa, gari moja tu lilimpita. Lilikuwa pikapu ya kijani ya Orbin Sizemore, ikielekea kwenye maonyesho. Ilipunguza mwendo. Halafu ikaongeza.

Orbin alikuwa ameapa hatampa lifti mtu wa ukoo wa Fugate, kwa sababu baba yake Ardith aliingia mgodini wakati wenzake wamegoma. Orbin alishakufa siku nyingi. Aliyekuwa amekaa kando yake mchana ule alikuwa bintiye wa miaka kumi na saba, Nedra.

Na Nedra, sasa Bi Nedra Pennington, mjane, mwalimu wa Biblia wa watoto kanisani, alikuwa akikaa kiti cha pili kutoka kwa Ardith kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, kwenye kikundi cha wasomaji cha maktaba.

Ardith angeweza kutokwenda Alhamisi ile. Marcella, mkutubi, alimpigia simu kabisa kumwambia hakuna atakayemlaumu.

"Kwani mmebadilisha siku?" Ardith akauliza.

"Hapana, Bi Ardith. Ni vile… kitabu chenyewe mwezi huu ni hicho. Walikipigia kura."

"Basi nitakuja. Nitaleta keki ya tufaha."

Aliileta. Wanawake kumi na mmoja waliikata na kuila, wakamsifu kwa mkono wake, kisha wakafungua vitabu. Kwa nusu saa walizungukazunguka: utoto wa Hobie, pombe ya Hobie, mke wa tatu na mbwa wake. Kila aliyekaribia ukurasa wa tisini na nne alikohoa akaruka. Mwisho Glenna Roark, ambaye hakujaliwa subira, akasema, "Jamani, tutacheza kidansi hiki mpaka lini? Marcella, hebu tusomee huko mtandaoni wanasemaje. Wao hawamwogopi mtu."

"Sidhani kama inafaa," Marcella akasema, akimtazama Ardith.

"Soma," Ardith akamwambia. "Mimi nimeshashiba keki."

Marcella akawasha kompyuta na kufungua duka la vitabu la mtandaoni, pale wasomaji wanapotoa nyota na maoni. Yalikuwa zaidi ya elfu mbili. Akasoma kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyelazimishwa kusoma barua ya mwalimu.

"'Nyota tano. Ukurasa wa 94 umeniliza. Naomba huyo mwanamke awe bado hai, na aishi sana, awe anaamka kila asubuhi akikumbuka.'

"'Nyota nne. Ningetoa tano, lakini mwandishi kaficha huyo shetani anakaa wapi.'

"'Nyota tano. Paka wangu alizaa nyuma ya friji na bado ni mama bora kuliko huyo.'"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa leso. Glenna hakujiziba.

"Ya paka hiyo kali," akasema. "Samahani, Ardith, lakini ni kali."

"Endelea," Ardith akasema.

"'Nyota tano. Viatu vyekundu! Yaani mtoto anakufa na mama anachagua viatu!'" Marcella akaondoa macho kwenye kompyuta. "Yapo mengi ya viatu. Naona yanatosha."

Hapo Nedra akajiweka sawa kitini. Alikuwa mwanamke mrefu aliyependa kusuka vidole vyake kabla ya kusema, kama anayeanza sala.

"Mimi nitasema, maana hapa wote tunajifanya," akaanza. "Kitabu nimekipa nyota tano. Kimeandikwa vizuri na kimeandikwa kweli. Ardith ni jirani yetu, tunampenda. Lakini kupendana si kufunikana. Jambo lilitokea, mtoto wa watu akafa, na tumekula biskuti miaka hamsini kama hakuna kitu. Tubu mwenzangu, upumzike. Ndilo neno langu."

Chumba kizima kiliangalia sakafu. Ardith aliweka sahani yake chini ya kiti, akajipangusa makombo mapajani.

"Nedra," akasema. "Wewe viatu vile unavikumbuka?"

"Si vimeandikwa humu? Vyekundu."

"Vya kisigino au bapa?"

"Vya kisigino. Kimoja kilikuwa kimeshavunji—"

Akakatiza hapohapo. Kitabu hakikuwa na neno lolote la kisigino. Wengine hawakuling'amua, Glenna alikuwa tayari anauliza kama keki imebaki. Lakini Nedra alikuwa ameelewa, na uso wake ulipauka kuanzia midomoni. Ardith alimtazama kwa utulivu, vile alivyokuwa akiwatazama watoto wa shule waliokuja dirishani mara ya pili wakidai hawajala.

Alisubiri mpaka wote wameondoka. Kisha akavuta kiti karibu na meza ya Marcella.

"Na mimi ni msomaji," akasema. "Nataka kutoa maoni yangu. Nionyeshe pa kubonyeza."

"Nyota ngapi, Bi Ardith?"

"Moja. Sifuri wanaruhusu?"

"Hawaruhusu."

"Basi hiyo moja ni ya karatasi. Karatasi yake nzuri."

Alisema na Marcella akaandika. Alieleza maili nne, jua, shingo ya mtoto, daraja, kisigino. Alieleza pikapu ya kijani iliyopunguza mwendo ikaongeza. Alisema kwamba daktari alimwambia angefika saa moja mapema, labda mtoto angepona. Sauti yake haikutetemeka popote. Marcella ndiye aliyelazimika kuvua miwani afute macho.

"Aliyekuwa anaendesha ni Orbin Sizemore," Ardith akamalizia, "na kando yake alikaa binti yake, Nedra. Ndiye jirani aliyeomba asitajwe. Mimi namtaja."

Vidole vya Marcella vikasita. "Jina zima tuliweke?"

"Nedra Pennington. Pennington kwa 'n' mbili katikati."

Kitu kimoja hakukisema. Ilikuwa Agosti na vioo vya pikapu vilikuwa vimeshushwa vyote. Gari lilipompita, yule binti aligeuka mzimamzima kitini, akapiga kioo cha nyuma kwa viganja viwili, na Ardith alimsikia waziwazi akipiga kelele, "Baba, simama! Baba, ana mtoto, simama!" Alizisikia kelele zile mpaka gari lilipopinda kona. Miaka yote aliyomsalimia Nedra kanisani na kumwombea mumewe alipougua, alimsalimia kwa ajili ya kelele zile. Sasa aliziacha nje ya maandishi, akijua anaziacha, akamwambia Marcella abonyeze.

Siku tatu hapakutokea kitu. Siku ya nne mtangazaji mmoja wa redio Nashville aliyasoma maoni hayo hewani, na ikawa kama mtu katupa kiberiti penye nyasi kavu.

Watu walewale elfu mbili waligeuka. "Nafuta nilichoandika juu ya mama huyu, nimeona aibu." "Nedra Pennington, tunakuja." "Nyota moja kwa kitabu, nyota tano kwa Ardith, na Nedra apewe maili nne za makaa ya moto." Mtu alitafuta picha ya Nedra kwenye ukurasa wa kanisa, akiwa katikati ya watoto wa darasa la Biblia wenye mbawa za karatasi, akaandika chini yake: Hesabuni watoto, mmoja asije akaachwa barabarani. Picha ilizunguka nchi nzima.

Simu ya Nedra ililia tangu alfajiri mpaka akaing'oa ukutani. Mtu alimwekea barazani jozi ya viatu vyekundu vya mtoto. Kesho yake jozi nyingine, kutoka Texas, kwa posta. Walikuja watu wasiojulikana wakapiga picha nyumba yake, wakaenda kula mkahawani, wakarudi kupiga tena. Mchungaji alimtembelea, akanywa chai yake ya barafu, akamwambia kwa upole kwamba wazazi wanaona afadhali darasa la watoto lipate mtu mwingine kwa sasa. Alikuwa amelifundisha miaka ishirini na tisa. Glenna Roark, aliyekuwa akishona naye mablanketi ya viraka kila Jumanne, alimwona dukani penye unga akageuza toroli lake. Kisha akasimama mwisho wa safu na kuwaambia waliokuwepo, kwa sauti ya kutosha, "Na uso wake ule! Eti 'tubu mwenzangu.'"

Wiki ya tatu, asubuhi, Nedra alikuja kwa Ardith. Alikuwa amebeba bakuli la maharage na mkate wa mahindi umefunikwa kwa kitambaa, kama anayekwenda msibani. Alikuwa amekonda. Ardith hakumkaribisha ndani; walizungumza mlangoni, wavu wa mbu ukiwa katikati yao.

"Sikuja kujitetea," Nedra akasema. "Nilimdanganya yule mwandishi. Alinikalia kooni siku mbili, anauliza jirani gani alikuona, gari gani lilipita. Nikaona atamfikia baba. Nikampa viatu ili aache. Hilo la dansi sikusema mimi, Ardith, naapa. Nilisema viatu vya dansi, yeye akaongeza dansi."

"Na wewe ukakipa nyota tano."

"Nilikuwa naogopa. Nikikutazama pale umekaa kimya na keki yako, nikaogopa zaidi. Mtu akiogopa anauma." Akalibadilisha bakuli mkono. "Nimekuja kwa neno moja tu. Nilipiga kelele. Nilimpigia baba kelele asimame. Alinichapa kofi, tukafika kwenye maonyesho nimevimba jicho. Uliniona, Ardith. Tulitazamana. Andika hilo tu. Usiseme mimi mwema. Sema nilipiga kelele."

Ardith alimwangalia kupitia wavu. Aliona vile vidole vyake virefu vimesukana chini ya bakuli. Angetamka maneno matatu, jambo lingekwisha. Lakini alijihisi ana nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu siku ile barabarani, na ilikuwa tamu, na hakutaka kuitua.

"Vioo vilikuwa vimefungwa," akasema. "Sikusikia kitu."

"Vimefungwa? Agosti?"

"Nimekwambia sikusikia."

Nedra akainama, akaliweka bakuli kwenye ngazi, akaenda zake, ameshikilia ua kila hatua kama kipofu. Ardith alilisikiliza lango linavyofungwa. Yale maharage aliyamwaga nyuma ya nyumba, akaliosha bakuli vizuri na kulirudisha kwa posta, japokuwa nyumba ya Nedra ilikuwa mtaa wa pili tu.

Kabla ya Krismasi bintiye Nedra, Tamsin, alikuja kutoka Ohio na gari la mizigo akamchukua mama yake. Hakuna aliyewasaidia kubeba. Nyumba ilibaki na mapazia yake, na watoto wa shule wakawa wanarusha mawe kujaribu shabaha.

Kwa Ardith mambo yalinyooka. Kampuni iliyochapisha kitabu ilikitoa upya na kurasa tatu za nyongeza, na ukurasa wa tisini na nne ukaandikwa vingine. Hobie alihojiwa kwenye televisheni, akavua kofia nyeupe, akasema amemsamehe kila mtu, pamoja na nafsi yake, na wimbo wake wa zamani ukapigwa tena kila mahali. Ardith aliletewa nakala yenye sahihi ya Hobie: Kwa Edith, kwa upendo. Hata jina alikuwa amelisahau. Kwenye kikundi cha wasomaji walimsogezea kiti cha mbele karibu na mashine ya joto. Akisema kitabu hiki hakifai, wote waliona hakifai. Glenna alizoea kumshika mkono mbele za watu.

Kila Alhamisi ya kikundi alibaki nyuma, Marcella amfungulie maoni mapya. Alisema anataka tu kuona kama yameisha. Hayakuisha. Wengi walimwita shujaa. Wachache walianza kuuliza mbona hakugonga nyumba yoyote katika maili nne hizo, mbona alimwachia mume pikapu, na hao aliwasoma mara mbili mbili, midomo ikimcheza.

Machi, Jumanne moja, simu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Mimi Tamsin, binti wa Nedra. Usikate. Mama amepooza upande wa kulia, hasemi tena. Daktari anasema siku chache. Sijapiga kukutukana, mama. Nina swali moja."

"Uliza."

"Siku ile, alipiga kelele au hakupiga? Amenisimulia tangu nikiwa mdogo. Kila Agosti alikuwa analia. Sasa hawezi kusema, na mimi nimeanza kumshuku mama yangu mwenyewe. Niambie mimi tu."

Ardith alikuwa ameshika waya wa simu, anauviringisha kidoleni. Nje kulikuwa na mvua nyepesi juu ya mlima.

"Alipiga," akasema mwisho. "Alisema, 'Baba, simama, ana mtoto.' Alipiga kioo mpaka wakapinda kona."

"Kwa hiyo ulisikia," Tamsin akasema.

"Nilisikia."

"Basi andika! Andika leo, nimsomee akiwa bado anasikia!"

"Umeuliza nikuambie wewe. Nimekuambia."

"Lakini kwa nini? Anakufa, wewe mama! Itakupunguzia nini?"

Ardith alitafuta jibu kweli. Alimwona Dewey begani kwake, mzito, anaunguza, na kilichomjia kinywani kilikuwa, "Mimi wangu nilimbeba peke yangu." Akakata simu. Jioni, akiosha vyombo, alivunja kikombe.

Nedra alikufa Ijumaa. Wiki mbili baadaye Tamsin aliandika mwenyewe, kwenye ukurasa uleule wa kitabu, kwa jina lake kamili. Aliandika vizuri, bila tusi, neno kwa neno kama alivyoambiwa kwenye simu, na nani aliyemwambia. Wasomaji walimpokea. "Binti anamsafishia mama." "Eti simu! Iko wapi hiyo simu?" "Mwacheni mama Ardith na kidonda chake, ukoo wa nyoka nyie." Mmoja alimtumia viatu.

Marcella aliyasoma maoni yale Alhamisi, pole pole, mpaka mwisho. Hakumtazama Ardith alipokuwa anasoma. Alipomaliza akageuza kiti.

"Bi Ardith. Haya ni kweli?"

Maktaba ilikuwa tupu. Ardith alikuwa ameshavaa koti, anafunga kitambaa cha kichwani mbele ya kioo cha dirisha, na alilivuta fundo mara mbili kabla ya kujibu.

"Mtu anaweza kuandika chochote humo," akasema, akachukua mkoba wake.